Glasi Tuliyomficha Nyawira

Giakanja, Nyeri
16 Julai 2024

Mpendwa wifi yangu Nyawira,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini huko Murang'a baridi haijawa kali kama hii yetu, na kwamba goti lako limepoa. Sisi tu wazima. Kaka yako Mutahi ana kikohozi, ng'ombe amezaa, na kitinda mimba anaota meno, kwa hivyo mimi nalala kwa kuibaiba. Ukiona mwandiko umeinama upande mmoja, ujue nimembeba mgongoni.

Umeniuliza mara tatu kama binti yetu Wakonyo anaweza kuja kuishi nawe asomee huko, na kila mara nimekwambia ati tutaongea. Nimechagua barua kwa sababu kwenye simu ungeniongelesha kwa upendo, nami ningenyamaza tena. Tafadhali isome ukiwa umeketi.

Jumapili tulipotoka kanisani tulipata wageni, Muriithi wa Kianyaga na bibi yake. Muriithi alibeba chupa ya gin. Alisema hajasahau kinywaji cha marehemu mama yenu, kile alichojifunza akifanya kazi kwenye baa ya hoteli ya watalii, na ambacho aliwaambia akina mama wa kanisa ni dawa ya mafua. Mutahi akasema mimi, Gaceri wake, nakijua, nilifundishwa na mama mwenyewe. Ni kweli, lakini sikuwa nimekitengeneza tangu mama afariki. Ningekataa, sasa ningesema nini mbele ya wageni?

Nikaingia jikoni. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi dirishani, saa nane ya mchana ikawa kama jioni. Wakonyo akaburuta stuli akapanda kando yangu, mikono nyuma, kimya. Unajua mtoto huyo hatulii. Nilipochukua kisu akaniambia nisikate ndimu bado, niiviringishe kwanza mezani mpaka ilegee. Nilifikiri ameniona nikifanya hivyo kwa juisi. Nikaiviringisha, nikakamua, nikamimina gin, nikachukua sukari. Akasema sukari ikiingia kavu itakaa chini kama mchanga, niiyeyushe kwanza kwa maji moto kidogo. Hayo ni maneno ya mama, Nyawira, hata huo mchanga ni wake. Na mtoto alizaliwa mwezi mmoja baada ya sisi kumzika.

Nikafunga kila kitu kwenye chupa ya jemu pamoja na barafu, nikatikisa. Kila nilipotaka kuacha alinikataza kwa kichwa. Chupa ilipokuwa baridi mpaka vidole vinauma, akasema sasa. Halafu, polepole, akasema ile glasi yake niliitilia gin kidogo sana, na kwamba tulikubaliana Nyawira asijue.

Hakusema tata, vile anavyokuita wewe shangazi yake. Wewe ni tata wake tangu aanze kuongea. Alisema Nyawira, vile mzazi anavyomtaja mtoto wake.

Wageni walikunywa wakasifu. Muriithi alisema ukifumba macho utaapa ni yule mama amekikoroga. Mutahi akamgeukia binti yake, akamwita mama, kama nyote mnavyomwita kwa sababu ya jina la nyanya yake alilorithi, akamwuliza kama ndiye aliyemfundisha Gaceri kazi. Mtoto akajibu kwamba ndiye. Walicheka sana. Mimi nilitoka nje kuanua nepi ambazo hata hazikuwa zimekauka.

Jana asubuhi nilifungasha sweta zake. Nilikuwa nimeshika simu nikwambie uje umchukue. Nakueleza hili kwa sababu ungefikiri ni moyo mzuri, kumbe ilikuwa hofu. Nilitaka yale macho yatoke jikoni mwangu. Kisha akaja akanyoosha mguu nimfunge kamba za kiatu, akanilalia shingoni, akinuka maziwa na moshi, mtoto wangu tu. Nikarudisha sweta. Kwa hivyo Wakonyo hatakuja kuishi huko, wifi. Likizo tutakuja naye, umdekeze utakavyo, lakini analelewa hapa. Hilo naomba tusilirudie.

Sasa nisikie kwa lingine. Siku ile mama alipofariki ulimpa kidonge cha moyo saa sita, ukiwa hujui nilikuwa nimeshampa kimoja asubuhi. Ulipojua ulilia, ukakimbia mjini kumtafuta daktari. Tangu hapo unaamini ulimuua kwa mkono wako. Hata kaburini ulikataa kutupa udongo. Nilikuona, nikanyamaza.

Ulipoondoka, mama aliniomba glasi moja ya kinywaji chake. Pombe ilikuwa imekatazwa kabisa, nawe uliliandika katazo hilo kwa kalamu nyekundu ukalibandika kabatini. Nilikuwa na mimba ya miezi minane, nimechoka kumwinua na kumgeuza, naye aliomba kwa upole. Nilimtengenezea. Alikunywa akiwa kwenye kiti chake cha dirishani, akasema Nyawira asijue, nami nikasema sawa. Hujarudi, akawa ametuacha. Niliosha glasi kabla ya kuita jirani.

Leo nilipoanza kuandika, Wakonyo aliuliza namwandikia nani. Nikamwambia ni tata wa Murang'a. Akaenda kwenye kiti kile, akapenyeza mkono wote chini ya kitambaa, pale mto unapokutana na mkono wa kiti, akaniletea kidonge kilichogeuka rangi ya manjano. Alisema nimwambie Nyawira kilikuwa kichungu, yeye hakukimeza. Labda alikiona akicheza, sijui. Nimekilinganisha na vile vilivyobaki kwenye kopo ambalo hukutaka litupwe. Ni vya aina moja. Nimekifunga kwa karatasi, kiko ndani ya bahasha hii. Kishike mwenyewe. Si wewe, Nyawira. Kama kuna aliyemharakisha mama, ni mimi.

Mutahi nimemwambia mchana huu. Amechukua ndoo, ameenda kukamua. Wewe ukitaka kunitukana, njoo unitukane nikiwa mbele yako, sitajitetea.

Wasalimie majirani zako, na bibi ya Mathenge aliyetuletea viazi. Watoto wanakusalimu. Mungu akupe usingizi leo.

Ni mimi wifi yako,
Gaceri