Chiriku Wangu na Kasuku wa Masumbwe

Jumatatu, 11 Agosti 2025
Sare za shule tangu asubuhi. Chiriku dirishani anaimba, mimi nakanyaga cherehani. Mchana Baba Zuhura karudi kutoka Masumbwe na tundu kubwa. Ndani kasuku, wa kijivu, mkia mwekundu. Rafiki yake mchimbaji anahama, kamwachia. Mume wangu anameremeta utadhani kapata mapacha.

Jumanne, 12 Agosti
Nimewalinganisha. Chiriku anaenea kiganjani, anashiba mtama kidogo. Kasuku anamaliza karanga, anageukia tundu lake analitafuna. Chiriku ana wimbo, neno hana. Kasuku ana maneno, wimbo hana. Kamwamkia Zuhura "Shikamoo" kwa sauti ya kizee. Mtoto wa miaka minne kaitikia "Marahaba," tena kwa madaha. Nimecheka mbavu sina. Hata hivyo, kura yangu kwa chiriku.

Alhamisi, 14 Agosti
Kasuku kapiga kelele: "Limetema! Limetema!" Ndivyo wachimbaji wanavyoshangilia duara, yaani shimo lao, likitoa dhahabu. Mama Swaumu wa nyumba ya pili kaja na vigelegele, anauliza tunachinja lini. Tulipomwonyesha tundu, kanuna. Jioni kamleta dada yake naye amsikie.

Ijumaa, 15 Agosti
Chiriku haimbi. Kutwa nzima kimya. Manyoya chini ya tundu. Nina hasira. Lile jitu limemtisha.

Jumapili, 17 Agosti
Bado kimya. Nimemwambia Baba Zuhura, kesho akienda Mwakitolyo kazini aondoke na kasuku wake. Anasema chiriku anabadili manyoya tu. Sitaki kusikia. Naogopa atakufa. Cherehani peke yake inaniudhi.

Jumatatu, 18 Agosti
Alfajiri nimesikia wimbo wa chiriku. Nimetoka mbio na khanga moja. Chiriku kajikunyata, mdomo kaufumba. Anayeimba kasuku! Nimelia, halafu nimecheka. Baba Zuhura alishalifunga tundu kamba, tayari kwa safari. Nimeifungua mwenyewe. Kaondoka bila kasuku, anatabasamu. Bora.

Jumatano, 20 Agosti
Chiriku kala vizuri. Shingoni kipara. Hawa wadogo hawaishi sana. Yule mkubwa, wanasema, anaweza kunizika hata mimi. Nimeyasogeza matundu karibu. Kasuku kaimba, katikati kakosea. Chiriku kageuza shingo, katoa mlio mmoja mfupi, kama mwalimu. Kasuku kanyamaza. Kisha kaanza upya.