Nilidhani Ni Wewe Unayenilalia Kifuani

Baba Atieno wangu,

Unakumbuka ulivyokuwa ukirudi kutoka migodi ya Osiri, unajitupa kitandani na mabuti yako na kuniwekea kichwa kifuani? Nilikuwa nakuambia wewe ni mzito, utaniua. Ulicheka tu, hukuondoka.

Mgodi ulipokuangukia, wenzako wakakutoa na udongo mdomoni. Mimi ndiye niliyekufuta uso, mama yako akiwa ameshika beseni. Tukakuzika hapa kando ya nyumba. Haukupita muda, uzito ule ukarudi.

Ulinijia mchana, nikiwa nimejilaza baada ya kula. Kitu kilinikalia kifuani, pumzi ikakatika, moto ukapanda hadi kooni, na mdomo ukajaa ladha chungu kama ya udongo wenye chuma. Nilipoamka sauti ilikuwa imekauka. Nilimwita Atieno aniletee maji, akasimama mlangoni, akakataa kuingia. Alisema nasikika kama baba.

Ikawa hivyo karibu kila siku. Mama yako akaniambia kwa sauti ya chini, "Nyathina, mwanangu, mumeo anakuonyesha alivyokufa."

Nilimwamini. Nikaanza kumfundisha Atieno kupika na kumsuka mdogo wake nywele, kwa sababu nilijua unanichukua. Hospitalini Homa Bay walinibandika nyaya kifuani, wakaniambia moyo ni mzima. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Kama si moyo, basi ni wewe.

Dada yangu wa Rongo ndiye aliyenipeleka Kisumu kwa daktari wa tumbo. Daktari alinipitishia mpira mwembamba puani hadi kwenye koo la chakula, akauunganisha na kifaa kidogo cha kufunga kiunoni. Nilitakiwa nikae nacho hadi kesho yake, nile na kulala kama kawaida, na kila kifua kikishikwa nibonyeze kitufe.

Nikarudi nacho nyumbani. Mama yako alikitazama, akauliza kama humo ndani utaonekana. Nilikula, nikajilaza, naye akaketi karibu nami. Uzito ulipokuja nikabonyeza, kifaa kikatoa mlio mdogo. Mama yako akasimama, akaita jina lako la utotoni, polepole, kama mtu anayebisha hodi.

Daktari alinionyesha mistari kwenye kompyuta. Kila nilipobonyeza, asidi ya tumbo ilikuwa imetoka tu kupanda. Hiyo ndiyo iliyonichoma kifua na kunikausha sauti. Kisha akasema, "Hakuna mtu anayekukalia, mama." Mimi sikuwa nimemtajia habari zako. Labda dada ndiye aliyemwambia.

Nikapewa vidonge, nikainua kitanda kwa matofali upande wa kichwani, nikaacha kulala nikitoka kula. Uzito ukaondoka. Sauti yangu ikarudi, na Atieno akaanza tena kunikalia mapajani. Nilimweleza mama yako yote aliyosema daktari. Akalia. Nilidhani ni furaha, mpaka aliposema, "Basi hakuja hata mara moja."

Maneno hayo yamenikaa moyoni. Sasa nalala vizuri, na nyumba imekuwa kimya kuliko siku tulipokuzika.

Juzi sikumeza kidonge. Nilikula ugali na samaki nikashiba, nikatoa yale matofali, nikalala chali mchana mweupe. Moto ukapanda. Nilijua ni asidi, Baba Atieno, nimeiona kwa macho yangu mwenyewe. Hata hivyo nilisogea ukutani nikakuachia nafasi, na godoro likabonyea upande wako.

Sikugeuka kutazama.

Leo nimerudia dawa. Watoto wanataka mama mwenye sauti yake. Kama ulikuwa ni wewe, umeniona, nami nimekusikia. Pumzika sasa, mume wangu, uniache nami nipumue.

Mkeo,
Mama Atieno