Mgeni wa Nyumba Namba Ishirini na Mbili

Mpendwa Mshauri,

Kuna mlio ambao haujanitoka masikioni mwezi mzima sasa, mlio mdogo wa kamera ya simu, niliousikia Ijumaa moja jioni nikipita kwenye kibanda cha mlinzi wa geti letu, na nilipogeuka nikamwona ameliinamia daftari la wageni, simu mkono mmoja, kidole cha mkono wa pili kimetulia kwenye mstari wa nyumba yangu. Naomba msaada wako, kwa sababu tangu jioni ile nimefanya mambo ambayo sikujua kama ninayaweza.

Nina miaka ishirini na saba, kazi yangu ni kusahihisha vitabu vya shule kabla havijachapwa, naifanyia nyumbani, na nyumba yenyewe ni ya mjomba wangu aliye nje ya nchi. Mtaa wetu umezungushiwa ukuta, geti ni moja, nyumba arobaini zina rangi moja na tunajuana kwa namba: namba tisa ndiye mwenye mbwa, namba kumi na nane ndiye anayesahau bomba la bustani likimwagika hadi barabarani, mimi ni namba ishirini na mbili. Tunapungiana mikono ndani ya magari, vioo vimepandishwa. Hakuna anayemtembelea mwenzake, lakini kila mtu anajua mwenzake ameingia saa ngapi. Jirani wa mbele yangu, Mama Pacha, huanika nguo zilezile mara mbili kwa siku ili tu apate sababu ya kusimama nje.

Nilimuuliza mlinzi picha ni ya nini. Akasema ni usalama tu, dada, akalifunga daftari. Nilimuuliza mwenyekiti wa kamati ya wakazi, daktari wa meno mstaafu, akasema kamati haijamwagiza mtu picha yoyote. Basi usingizi ukanihama. Nilimshuku Mama Pacha, kisha nikamshuku aliyekuwa mchumba wangu, tuliyeachana naye miezi sita iliyopita, kwa kuwa huyo alikuwa na tabia ya kujua nimekula nini kabla sijamwambia, nikawa nafanya kazi mapazia yameshushwa, na nikitoka dukani namkagua kila ninayepishana naye, nikitafuta kwenye uso wake dalili kwamba anajua habari zangu.

Mwishowe nikatega mtego. Siku ya Alhamisi, mlinzi alipotoka kibandani kulifungulia gari la taka, niliandika kwenye daftari, kwa mwandiko usio wangu, jina la mwanamume ambaye hayupo duniani: anakwenda namba ishirini na mbili, ameingia saa tisa, ametoka saa kumi na mbili. Nikajiambia, atakayeniuliza habari za mtu huyu ndiye. Kesho yake nikausikia ule mlio tena, na badala ya kuuacha mtego ufanye kazi yake, hasira zikanipanda, nikaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti kumshtaki mlinzi.

Jumamosi asubuhi kamati ilitukutanisha. Mlinzi alikiri kupiga picha, akakataa kusema anampelekea nani. Ndipo mwenyekiti akaweka kidole kwenye jina la mgeni wangu, na mlinzi akaapa kwamba mtu huyo hajapata kumwona. Mwenyekiti akanigeukia.

"Ulikuwa na mgeni Alhamisi?"

Nikasema hapana. Na ni kweli, Mshauri, sikuwa na mgeni. Mlinzi alinitazama. Kamati ikaamua kwamba ni yeye aliyelibuni jina lile, na kufikia saa sita mchana alikuwa amekabidhi sare na tochi.

Saa nane mama yangu akapiga simu.

"Huyo mgeni wako wa Alhamisi," akasema, "ni mtu mwema?"

Nikauliza mgeni gani.

"Usinifiche, mwanangu. Mimi nimefurahi tu. Miezi mitano naangalia, kwako haji mtu ila fundi bomba."

Alinieleza yote bila hata kushusha sauti. Uchumba ulipovunjika nilijifungia siku kumi na moja bila kupokea simu, na ni yeye aliyekuja na ufunguo wa akiba akanikuta sakafuni, na ni mlinzi aliyemsaidia kunibeba hadi kwenye gari. Siku hiyohiyo alimwomba, mzazi kwa mzazi, awe anamtumia ukurasa wa daftari kila Ijumaa, kwa sababu kila akitaka kuja mimi namwambia nina kazi nyingi. Sikumwambia kwamba mlinzi hayupo tena. Sikumwambia pia kwamba mgeni hayupo.

Niambie, Mshauri, mama ana haki gani ya kunisoma mimi, mtu mzima, kwenye daftari la geti? Nilikusudia kusubiri jibu lako, lakini jana nimemwita fundi akabadilisha kitasa cha mlango wa mbele. Ufunguo wa mama haufungui tena, na yeye bado hajui.

Ni mimi,
Namba Ishirini na Mbili

MSHAURI ANAJIBU

Binti, unaniomba ushauri wakati fundi ameshakusanya vifaa vyake na kuondoka. Haya, tuzungumze hivyohivyo.

Kwanza pole. Siku kumi na moja si mchezo, na kugundua kwamba unaangaliwa kunamtoa mtu jasho hata kama anayeangalia ni mzazi. Mama yako amekosea. Alikuwa na hofu, naielewa, lakini hofu yake alipaswa kukuletea wewe, si kuipitisha kwa mlinzi. Hilo nitamwambia hata yeye akiniandikia.

Sasa sikiliza. Barua yako nzima inalia juu ya mama, na swali lako ni la mama. Mlinzi umempa mistari michache, halafu ukapita. Mtu huyu alikubeba ukiwa hujiwezi. Alikaa mbele ya kamati akamficha mama yako, na hakukunyooshea kidole wewe, ingawa nadhani alipokutazama alikwisha kujua ni mkono wa nani. Leo hana kazi kwa ajili ya mgeni uliyemzaa wewe kwa kalamu. Usinieleze kwamba ulisema kweli. Ulijibu swali uliloulizwa ukaficha lile ambalo halikuulizwa, na msahihishaji wa vitabu anajua vizuri tofauti yake.

Kwa hiyo gazeti hili ukishalisoma, vaa viatu. Nenda kwa mwenyekiti, mwombe daftari, weka kidole chako kwenye mstari ule useme, "Hii niliandika mimi." Aandike hivyo, nawe utie sahihi yako halisi. Kosa la picha kamati ilipime peke yake, na uwaeleze ziliombwa na nani na kwa nini. Mtaa utakusema, Mama Pacha ataanika nguo mara tatu. Vumilia. Kisha umtafute mlinzi, umwombe radhi ana kwa ana, si kwa ujumbe wa simu.

Kitasa kiache. Mlango ni wako, na ufunguo utampa mama siku utakayotaka mwenyewe. Lakini mpigie leo, mwambie mgeni wa Alhamisi hakuwepo, na usimwambie tena kuhusu kazi nyingi. Mwalike Jumapili. Aje mpaka getini, ashike kalamu, aandike jina lake kwenye daftari: anakwenda namba ishirini na mbili. Saa ya kutoka aiache wazi.