Lebo Arobaini za Kaka

Jumatatu, 3 Machi
Bosi kasema vifurushi vyote vya programu ya zahanati vihamie muundo mpya kabla ya Ijumaa. Arobaini! Vyote kaviandika kaka yangu kabla hajafariki. Kila kimoja kina lebo ndani — jina lake, tarehe, na alichobadilisha. Maelezo ya kiofisi hakuyaweza kabisa: "Nimerekebisha dozi za watoto. Dogo kanimalizia chaji." Dogo ni mimi. Kila Jumapili namsomea Mama lebo moja. Tumefika ya kumi na moja.
Muundo mpya unazifuta. Nikamuuliza bosi, lebo je? Kasema wagonjwa hawamezi lebo.

Jumanne, 4 Machi
Nikiongeza hata mstari mmoja wa kaka kwenye lebo mpya, mashine za zamani za zahanati zinagoma. Nimejaribu mara tisa!
Halafu — wazo! Naichukua lebo ya kaka nzima nzima, naiweka ndani ya kifurushi kama faili la kawaida. Mashine kuukuu inalipita kama haijaliona. Imekubali! Nikapanda juu ya kiti. Mzee wa Nyaya, jirani yangu wa meza, akaniambia nishuke, kiti chenyewe kina miguu mitatu.

Jumatano, 5 Machi
Arobaini kwa arobaini! Mashine mpya zinafungua, kuukuu zinafungua. Diski ilikuwa imejaa, nikafuta vifurushi vya zamani. Bosi kanipa mkono. Mzee wa Nyaya kauliza, nakala unayo? Nikamwambia lebo zimo humo humo ndani, Mzee, tulia.

Alhamisi, 6 Machi
Nimefungua lebo ya kumi na mbili, nimwandalie Mama.
Mwandishi: mimi. Tarehe: jana. Maelezo: tupu.
Nikafungua nyingine. Nyingine. Zote.
Kigeuzi, ile programu ya kuhamishia muundo mpya, kinaandika lebo upya kwanza — ndipo mimi nikanakili. Nimenakili jina langu mwenyewe. Kwa uangalifu mkubwa. Mara arobaini.

Ijumaa, 7 Machi
Mzee wa Nyaya kakaa na diski tangu asubuhi, anatafuta nilivyofuta. Hakuna kitu. Saa sita vifurushi vipya vikaenda zahanati zote kwa mtandao.

Jumamosi, 8 Machi
Ipo mashine moja! Zahanati ya mwisho wa barabara, stoo, imezimwa tangu paa livuje. Ina vya kaka vyote. Nimempigia nesi, nikamwomba niende kuichukua. Kasema njoo kesho asubuhi. Sikukumbuka kumwambia asiiguse. Nimekumbuka sasa, hapokei.

Jumapili, 9 Machi
Niko stoo, nimekalia ndoo. Nesi kanipokea anacheka: "Mdogo wangu, nimekuwashia mapema usije ukakaa kusubiri!"
Imewaka, ikakuta mtandao, ikaanza kuvuta vya kwangu juu ya vya kaka, kimoja kimoja. Kibodi imekufa kwa maji. Nikashika waya nichomoe — nesi akapiga kelele, we! Friji la chanjo liko kwenye waya huo huo! Nikaachia. Kaenda kutafuta fundi mwenye ufunguo wa swichi.
Cha ishirini na sita sasa. Hakuna kilichogoma. Mashine kuukuu hivi, inameza kila kitu — si nilihakikisha mwenyewe?
Cha ishirini na saba.
Mama anapiga. Anataka ya kumi na mbili. Ishirini na nane. Fundi hajafika. Simu bado inaita —