Sharti la Mchwa Silifuti

Trevor,

Mkate wa ndizi uko kwenye friji. Anua nguo, mvua inakuja.

Asubuhi umeniita mwoga kwa kukataa kufuta masharti ya kununua ile nyumba, ukatoka kukimbia umenuna. Haya. Ulipokuwa huko, dalali alipiga tena: "Mama, wanunuzi wenzenu wote wamefuta masharti. Nanyi futeni, nyumba ni yenu."

Nikamwambia sharti la mkopo nalifuta, barua ya benki tunayo. La mchwa, kwamba nyumba ikaguliwe kwanza, ng'o! Dada yako Coralie alilifuta kule Ipswich. Mwezi wa pili baada ya kuhamia, mguu wa kitanda ukatoboa sakafu ya mbao iliyoliwa na mchwa, akiwa amelala. Umesahau?

Ila sikuomba wiki mbili za ukaguzi kama ilivyo kawaida. Nimesema mkaguzi anaingia leo, jibu letu saa nane mchana. Na kwa kuwa bei yetu ndiyo ya juu, mwenye nyumba amekubali kutungoja.

~~Usinipigie.~~ Nipigie saa saba, na uongee kwa sauti. Nitakuwa uvunguni mwa nyumba na mkaguzi, tunagonga nguzo za mbao zinazoibeba, moja moja. Ovaroli lako nimelivaa mimi.

Mwoga kaingia uvunguni na tochi. Shujaa, vyombo viko kwenye sinki.

Mkeo