Shoki ya Kushoto

Kiamunyi, Nakuru
Jumapili, baada ya ibada

Baba Neema,

Pokea salamu kwanza, kwa sababu hata mtu uliye na kesi naye humnyimi salamu. Mimi sijambo. Kile kikohozi cha vumbi kimeniachilia, na mama mwenye nyumba amerudisha maji baada ya kelele nyingi. Neema je, lile jino limetoka? Na mama yangu, miguu bado inamfura? Najua wewe na yeye hamkaribiani, lakini ukimwona kwa mbali akipita, mwangalie anavyotembea halafu uniambie.

Sasa tuje kwa pikipiki yako.

Nakuandikia tena kwa kalamu kama kawaida, kwa sababu simu umejifunza kuikata. Nikikuuliza jambo kidogo tu, unasema, "Mama Neema, network, network." Barua haina network. Dereva wa lori ataishusha pamoja na pikipiki, na utaisoma utake usitake.

Uliponiachia hii kruza yako ya kiti cha chini mwisho wa likizo ukapanda shuttle kurudi shuleni, uliniambia nini? "Funga tu shokomzoba za nyuma, usijisumbue na mengine." Mimi ni fundi, bwana. Fundi akiambiwa asiangalie mengine, hayo ndiyo huyaangalia kwanza. Na ule ufunguo mdogo wa kufungulia kiti ukaondoka nao. Nikauliza, ukasema umesahau mfukoni. Haya.

Wewe huziita shokomzoba, sisi gereji tunasema shoki. Ziko mbili, moja kila upande wa gurudumu, na zinazeeka pamoja kama mapacha. Ulilalamika kwamba kutoka Sachangwan mpaka mjini zilikuwa zinakugonga mgongo. Basi nikaipandisha pikipiki kwenye stendi, nikazifungua zote mbili. Ya kulia ni kuukuu lakini iko hai. Ukiibonyeza inarudi polepole inavyotakiwa. Ya kushoto imekufa. Oili imemwagika yote, vumbi limeganda juu yake kama ukoko wa ugali, ukiibonyeza inazama na hairudi.

Nikamwita Karanja, yule fundi mwenzangu uliyekunywa naye chai. Akainama, akaangalia, akaangalia tena, akaanza kujifuta mikono ingawa haikuwa michafu.

"Nekesa, mzee wako hubeba watu?"

"Yeye ni mwalimu, si bodaboda."

"Basi hubeba mtu." Akagonga kikanyagio cha nyuma cha kushoto kwa spana. "Mmoja. Na huyo mtu hukaa upande."

Nikaangalia. Kikanyagio cha kushoto raba imelika mpaka chuma kinaonekana. Cha kulia bado kina zile nywele ndogo za raba mpya. Unaelewa hesabu hiyo, mwalimu wa hesabu? Ni mtu anayeweka miguu yote miwili kushoto na mkoba mapajani. Wanaume hawakai hivyo. Hivyo hukaa mwanamke aliyevaa sketi, na raba hailiki kwa lifti ya siku moja. Tena si mwanamke mwepesi, maana wepesi hawaui shoki.

Ai, Baba Neema! Mimi huku nanuka oili mpaka kanisani watu wanasogea mbali nami, na wewe huko unabeba sketi!

Nilikupigia jioni hiyo. Ukasema ni barabara mbaya. Tangu lini barabara mbaya ikachagua upande? Nikaomba kuongea na Neema. Nikamuuliza polepole, "Mama, baba hubeba nani kwa pikipiki?" Akasema, "Nimeambiwa nisiseme," na simu ikakatika. Mtoto wa gredi ya pili ameambiwa asimwambie mamake! Moyo wangu ulishuka mpaka kwenye gambuti.

Na kiti chenyewe kina alama mbili za kamba, zimekata ngozi katikati, pale mgongo wako unapoishia na abiria anapoanzia. Kamba za kufunga nini? Nimezigeuza kichwani mpaka kichwa kimeuma.

Alhamisi nilikwenda Mai Mahiu kwa yule mama anayeuza spea kuukuu karibu na mahali malori yanalala. Za kampuni ya pikipiki yako hakuna, lakini alikuwa na za kampuni nyingine, zinaingiliana.

"Chukua hizi, mrembo, ni safi. Zimetoka kwa pikipiki iliyokuwa imelala tu stoo."

Simwamini mtu yeyote anayesema kitu kilikuwa kimelala tu stoo. Nikakwaruza rangi kwa ukucha nione kama imefunika ufa. Nikanusa oili, nikazipima moja kwa nyingine. Zilikuwa nzima, ila zilizidi zako urefu kwa kidole kizima na springi zake ni ngumu.

"Hizo ni za kubeba magunia," mama akaniambia. "Abiria zitamrusha."

"Ndizo nazitaka," nikasema.

Ndiyo, nakuambia wazi, sikufichi. Nilizifunga kwa hasira. Bushi za juu, pale boliti inapopita, zilikataa kuingia, nikapeleka zichongwe, nikazikaza. Kisha nikashika ile pete ya kukazia springi nikaizungusha mpaka jino la mwisho, ikawa ngumu kama benchi la kanisa. Kiti kimepanda juu. Nikasema, haya sasa, apande na hiyo sketi yake. Tutaona akifika kwenye yale matuta ya kinu cha posho.

Kwa hivyo nisikilize. Nataka jina la huyo mwanamke. Nisipolipata, pikipiki itarudi nyumbani lakini mimi Krismasi sitarudi, na nitamwambia mama yangu aje amchukue Neema akae naye. Angalau mama hajawahi kunificha kitu.

Jumatatu, usiku

Kurasa za juu usizirarue. Hata mimi zilinishinda kurarua.

Asubuhi hii nilitaka kuiweka barua chini ya kiti. Ufunguo sina, kwa hivyo nikafungua kwa waya. Ndani nikakuta mto mdogo mnene wenye kamba mbili, na miwani ya kusomea iliyoviringishwa kwa kitambaa.

Nikasema, nimempata! Mwalimu mwenzako mwenye miwani! Nikauchukua mto nikaupachika kwenye kiti, na kamba zikaingia kwenye zile alama mbili sawasawa. Lakini ukakaa wima, Baba Neema. Haukuwa wa kukaliwa. Ulisimama katikati kama ukuta, kati ya mwendeshaji na abiria. Nikabaki nimeukodolea macho. Mpenzi gani huyo anayewekewa ukuta?

Ndipo nikakitazama kitambaa. Leso ya zambarau yenye maua ya manjano. Nilimnunulia mama hiyo leso hapa hapa Nakuru. Na mto umeshonwa kwa mkono, ule mshono wa kurukaruka ambao mama alinishonea nao sare ya shule nikachekwa darasa zima.

Nilikaa chini kwenye oili. Nani kwetu hamgusi mwanamume wala hamshiki mkono, mpaka akipanda nyuma yake awekewe kitu katikati? Mama mkwe. Yule yule aliyejifunika uso siku ya harusi yetu. Yule ambaye tangu siku hiyo hajawahi kukuita kwa jina wala kukutazama machoni, akitaka kukuuliza kitu anamwambia Neema, na wewe umesimama hapo hapo ukisikia.

Nikampigia simu.

"Mama, hii miwani yako mbona ina mkwaruzo?"

"Miwani gani? Mimi sina miwani."

"Hii iliyoviringishwa kwa leso."

Nikamsikia akihema. Kisha akapasuka: "Kumbe iko kwako? Nimeitafuta mpaka kwenye kiota cha kuku!"

Basi akasema yote, ameniapisha nisikuambie. Naona tumeapishana ukoo mzima, hebu viapo viishe. Akasema wewe humpeleka ngumbaru pale shuleni kwako, lile darasa la watu wazima la alasiri unalofundisha mwenyewe. Miguu haimfikishi, na hii pikipiki kiti chake kiko chini, anaweza kupanda bila kushikwa na mtu.

"Na njiani mnaongea?" nikamuuliza.

"Mungu anisamehe, sijamsemesha mkwe hata siku moja! Nasemesha pikipiki. Naiambia, pikipiki, kuna shimo hapo. Pikipiki, punguza, wale ni watu wa kanisa. Nayo inasikia."

Nilicheka mpaka nikalia, halafu nikalia tu. Karanja akajifanya anatafuta nati chini ya meza.

Nikamuuliza kwa nini anifiche mimi mwanawe. Akasema alitaka siku moja nipokee barua kwa mkono wake, nishtuke. Kisha akapunguza sauti kama mtu anayeogopa kuta. "Tena, mwanangu, nilikuwa nashuku. Mwalimu akitusomea barua zako sebuleni, mimi hukaa nje ya dirisha kusikiliza. Sasa, kuna mahali husimama, halafu huendelea na jambo lingine kabisa. Nikajiuliza, huyu anaruka nini? Ndio nikasema heri nijue kusoma mwenyewe."

Umesikia? Mwanamke huyo hakuwa na mtu mwingine wa kumfundisha ila wewe, naye akakubali umfundishe ili aje akukague. Na wewe ukampeleka, kila wiki, ukaacha jina lako lichafuke kwangu badala ya kutoa siri yake. Watu wakiniuliza nimetoa wapi haya macho ya kushuku, jibu ndilo hilo. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Nisamehe, Baba Neema. Nakuomba msamaha na mikono yangu michafu hivi. Nilikuwa karibu kuivunja nyumba yetu kwa sababu ya raba ya kikanyagio.

Lakini umefikiria nilichokuwa nimefanya? Nimeinua kiti! Mama na ile miguu yake angepandaje? Na angepanda, kwenye matuta ya kinu angeruka akapita juu ya ule mto wake, akutue mgongoni mbele ya kijiji kizima. Ingekuwa aibu ya kuchinjiwa mbuzi wa kutakasa.

Nimezifungua zote. Nimekwenda tena Mai Mahiu, na yule mama alivyoniona akaangua kicheko. "Si ulitaka za kurusha mtu?"

"Abiria amebadilika," nikamwambia.

Akanitafutia nyingine, fupi, kimo cha zako kabisa, na laini. Nazo pia nimezikwaruza na kuzinusa, usifikiri nimepona. Pete nimeiweka jino la pili. Mama mwenye nyumba wangu, ambaye mwili wake na wa mama ni sawa, nimemkalisha upande nikamzungusha kwenye mashimo yote ya Kiamunyi, na hakulalamika isipokuwa juu ya mwendo. Kikanyagio cha kushoto nimekivisha raba mpya, nene. Wewe kaza boliti baada ya siku chache, na uangalie oili mara kwa mara, kwa sababu kuukuu ni kuukuu. Na uharakishe, mama anasema tangu pikipiki ije huku amekosa masomo na wenzake wanamwacha.

Msalimie kaka yangu Wekesa anayelima mashamba ya watu kwa trekta kuliko shamba lake. Msalimie dada yako mshonaji, mwambie kitambaa kinakuja. Neema mwambie amefanya vizuri kutunza siri, na kwamba baba akiwa na siri nyingine, hiyo aniambie mimi.

Mama sitamtumia salamu kupitia kwako. Salamu zake ziko kwenye ile karatasi nyingine, iliyokunjwa pamoja na miwani. Usimsomee. Akikwama usimsaidie, hata kama jua litazama. Akimaliza, mpe na kurasa hizi zote, atazifikia siku moja. Halafu, Baba Neema, utaniambia ni maneno gani ulikuwa unaruka.

Mkeo anayekupenda na bado anakuangalia,
Nekesa

(Hii ni ya mama.)

MAMA.
NI MIMI NEKESA.
KITI KIKO CHINI.
PANDA.