Maji Ndani ya Mawe

Karatu, 14 Agosti

Kaka Simel,

Ng'ombe wazima, nami bado nashona hapa mjini. Barua hii nimeianza mara tatu.

Nilimsomea mama uliyotuandikia kutoka Japani, kwamba mawe ya sakafu ya bahari huzama ardhini yakiwa na maji ndani yake, hadi joto na mgandamizo wa kule chini vinapoyakamua, na maji hayo huyeyusha miamba iliyo juu.

"Mawe yanayabeba maji hayo kwa muda gani?" akauliza.

"Mamilioni ya miaka."

Akalia, mara ya kwanza tangu Aprili. Kisha akasema, "Mwandikie."

Kaka, baba alifariki Aprili. Mama alinikataza kukwambia kabla ya mtihani wako. Kwenye simu nisingeweza kulisema.

Zile salamu za baba za Mei na Juni nilizitunga mimi. Nisamehe.

Mdogo wako,
Namunyak